Macho Mia Mbili ya Daktari Otema

Mheshimiwa Katibu wa Wizara, uliyefika hapa mapema kuliko viti. Afande Kapteni Kamis, mgeni wetu wa heshima. Daktari Hippolyte Otema, tunayekuaga leo. Mama Alanyo, mkewe, uliyetuachia bwana huyu kila asubuhi bila kulalamika sana. Wafanyakazi wenzangu wa kituo chetu cha utafiti hapa Bukoto. Ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote kwa heshima zenu. Chai mliyoshika haina sukari. Tafadhali msiwakodolee macho wapishi. Sukari haipo Kampala nzima, na wao si wachawi.

Mimi ni Rosebella Awiti, karani mkuu wa kituo. Nilikuja kutoka Kisumu nikidhani nitapiga taipu barua za serikali. Badala yake nimepiga taipu neno "nyigu" mpaka herufi ya N ikakatika. Mheshimiwa Katibu, tuliomba mashine nyingine. Bado tunaomba, kwa adabu.

Wengi wenu mmekuwa mkijiuliza, huyu Daktari amefanya nini hasa miaka yote hii? Ametazama jicho. Jicho la nani? La nyigu mdogo kuliko chembe ya chumvi, ambaye hutaga mayai yake ndani ya mayai ya yule mdudu anayenyonya kahawa yetu, na mdudu yule asizaliwe tena. Sasa Daktari akajiuliza: kiumbe mdogo hivi, juu ya jani pana hivi, anayaonaje mayai anayoyatafuta? Mtu mwingine angejiuliza swali hilo, akatikisa kichwa, akaenda kunywa bia. Yeye alioa swali. Mama Alanyo, samahani, lakini unajua nasema kweli.

Alinieleza mara nyingi, nikitaka na nisipotaka. Jicho la nyigu si moja kama letu. Ni vijicho vingi vilivyobanana kama sega la asali. Kila kijicho kina lenzi yake juu, chini ya lenzi kuna koni angavu ya kupitisha mwanga, na chini kabisa kuna chembe hai zinazouhisi mwanga huo. Katikati ya jirani na jirani kuna ukuta wa rangi nyeusi, mwanga wa huyu usivuje kwa yule. Basi kila kijicho huona nukta moja tu, na ubongo huzishona nukta zote zikawa picha. Nyuki ana maelfu ya vijicho. Nyigu wetu ana kama mia mbili kila upande. Nikamwuliza, "Daktari, kwa nini Mungu asimpe vingi, ila vidogo zaidi?" Akafurahi kama mtu aliyeletewa nyama. Akasema lenzi ikizidi udogo, mwanga hutawanyika na picha huwa ukungu. Afadhali lenzi chache zinazofaa kuliko nyingi zisizoona kitu. Mheshimiwa Katibu, nadhani hata wizara zingefikiria jambo hilo.

Haya. Siku aliyomaliza kuvihesabu, alimpigia simu mwenzake wa Nairobi, Bwana Omolo. Simu ilikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo Daktari akapaza sauti mpaka mtaa wa pili wakasikia: "Macho mia mbili, Omolo! Kila moja linatazama upande wake! Mwezi ujao nawaachia Masaka, maelfu kwa maelfu!"

Ndugu zangu, simu za mji wetu hazikosi msikilizaji, na huyo wa siku ile alisikia majasusi, si nyigu. Afande, usinikunjie uso, wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia.

Kesho yake asubuhi gari la jeshi likasimama mlangoni. Akashuka Kapteni Kamis na askari wawili, wakaingia moja kwa moja maabara.

"Wewe ndio Otema? Hiyo macho mia mbili iko wapi? Na hiyo watu ya Masaka?"

Mimi nilikuwa mlangoni. Daktari hakuinua hata kichwa. Akasema, "Yako hapa mezani, Afande. Ila tafadhali usipige chafya."

Nyigu alikuwa hai, amepozwa kwa barafu asiruke. Kapteni akainama kwenye hadubini.

"Naona msitu."

"Hizo ni kope zako, Afande. Rudi nyuma kidogo."

Akarudi nyuma. Akatazama tena. "Iko kama sega ya asali." Kisha, kwa sauti ya chini: "Hii kitu inaona mimi?"

"Ukitikisika anakuona upesi kuliko ninavyokuona mimi. Lakini sura yako haitambui. Kwake wewe ni madoa tu."

"Haijui mimi ni nani?"

"Hajui."

"Mzuri," akasema Kapteni.

Mnacheka leo. Siku ile hakuna aliyecheka. Kapteni alisimama wima, akasema, "Mimi naamini wewe, Daktari. Lakini nimetumwa kuleta mtu." Akamchukua, pamoja na hadubini. Sitaeleza mwaka ule ulikuwaje. Mlikuwapo.

Nilikimbia nyumbani kwao Kawempe kumpa habari Mama Alanyo. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Amevaa viatu?" Nikasema amevaa. Akafunga chakula kwenye kitambaa, akaenda mpaka lango la kambi ya jeshi, akaketi chini. Askari akamwambia, "Mama, ondoka hapa." Akajibu, "Mume wangu yuko ndani na hajala. Akila, nitaondoka." Giza likaingia, kukapambazuka, yuko palepale.

Huko ndani, Daktari aliwasomesha wakubwa habari za lenzi na koni mpaka mmoja wao akachoka. Akageuka, akauliza, "Kamis, wewe unasemaje?" Ingekuwa rahisi kusema "sijui". Wangapi tumesema "sijui" na tukaenda nyumbani kulala? Kapteni akasema, "Mkubwa, nimeona na jicho yangu. Ni mdudu. Hakuna watu."

"Na kama si mdudu?"

"Basi na mimi weka ndani na yeye."

Afande, hukuwahi kujisifu kwa neno hilo. Daktari ndiye aliyenieleza, na nimelisema leo mbele ya watu ili lisipotee.

Wakamwachia adhuhuri. Akatoka langoni amekumbatia hadubini kama mtoto mchanga, akampita mkewe bila kumwona! Akampita kabisa! Mama Alanyo akaita, "Otema!" Akageuka. Akamwona pale chini, vumbi mpaka kwenye nyusi, chakula kimepoa mapajani. Ndipo Daktari wetu, aliyeongea na bunduki bila kutetemeka, akaweka hadubini chini ardhini na kulia. Daktari, usiangalie sakafu. Hapa hakuna aibu.

Nyigu walikwenda Masaka kwenye mashamba ya kahawa, na wakulima waliniletea kahawa yenyewe kama shukrani. Na Kapteni? Baada ya mwezi mmoja alirudi peke yake, akatoa kiberiti mfukoni, ndani yake inzi. "Na huyu," akauliza, "yeye ana ngapi?" Wakakaa mpaka saa ya kufunga.

Leo Daktari anastaafu, anarudi kwao kaskazini. Asubuhi hii nilimwuliza Mama Alanyo jikoni, "Utamfanyia nini mtu huyu akishinda nyumbani kutwa?" Akageuza mwiko, akasema, "Nitamkalisha mbele yangu, anitazame."

Daktari, umesikia kazi yako mpya. Haina likizo.

Kwa kunivumilia mpaka chai ikapoa, nawashukuruni wote. Naketi.