Chenso Haili

Kijiwe chetu cha Nyarugusu kina benchi moja na nusu. Lile moja ni la mbao, mali ya Zamoyoni muuza kahawa. Hiyo nusu ni gogo lililoliwa na mchwa upande mmoja, na mtu akikalia upande huo tunajua ni mgeni. Mimi nipo pale kila asubuhi kwa kazi, maana naandikia watu barua na maombi, ndiyo wakaniita Katibu. Wenzangu wapo kwa ajili ya kusema. Maduhu tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kuendesha karasha ya kusagia mawe miezi minne, na tangu hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna mashine isiyomheshimu. Abdulshakur tunamwita Dubai. Dubai hajafika Dubai. Amefika Kariakoo mara mbili, akarudi na simu za kuuza na miwani ya jua. Jumanne hiyo nilikuwa kwenye kikombe cha pili, nimekishika kwa vidole vyenye grisi ambayo sabuni ilikuwa imeishindwa, ndipo Abel mkata miti akaja amekumbatia chenso yake, ule msumeno wa injini, kifuani kama mtu anayempeleka mtoto zahanati.

— Haili, akasema, akaiweka chini mbele yetu.

— Shikamoo kwanza, akasema Injinia, ambaye anamzidi Abel miaka mitatu na hapendi isahaulike.

— Shikamoo. Haili.

— Marahaba. Haili nini?

— Haili mti, kaka. Inalia vizuri, moshi inatoa, ukiiweka kwenye gogo inaota moto tu. Mti unakuwa mweusi. Unga wenyewe unaotoka ni kama ugoro.

Abel hakuwa na uso wa utani. Mvua ya juzi ilikuwa imelainisha kuta za duara la Mama Loveness, shimo lake la dhahabu, na matimba mawili, zile nguzo zinazozuia udongo usiwafunike watu shimoni, yalikuwa yamepasuka. Mama Loveness kaenda Geita mjini, kaacha neno kwamba asishuke mtu mpaka yawekwe matimba mapya kumi na mawili. Magogo ya mikaratusi yalishaletwa, yamelala hatua chache tu kutoka kijiweni. Kilichobaki ni kuyakata.

— Zamu inashuka saa sita, akasema Abel. Magesa na wenzake wamekaa mdomoni mwa duara wananitazama. Magesa ameniambia kabisa, saa sita ikifika hakuna timba, wao wanashuka hivyo hivyo, jiwe walilolifikia jana ni zuri mno kuliacha lilale. Mimi naogopa. Nasema kweli, naogopa.

— Sasa hivi saa ngapi? akauliza Zamoyoni.

— Saa nne kasoro, nikasema.

— Muda upo, akasema Injinia, akakunja mikono ya shati. Hilo ni tatizo la pumzi. Injini haipumui.

— Au cheni? akauliza Zamoyoni huku anamimina.

Hapo nikaingilia, maana napenda mambo yaende kwa utaratibu.

— Cheni muiondoe kwenye lawama, nikasema. Ni mpya kabisa. Ya zamani ilikatika jana jioni, mimi mwenyewe nilikuwepo kwa Abel. Yeye anachanganya petroli na oili, mimi naivisha cheni. Tazama vidole.

Nikawaonyesha grisi. Wakaridhika.

— Basi ni injini, akasema Injinia. Nilishasema.

Akafungua kifuniko cha juu, akatoa chujio la hewa. Kusema haki, lilikuwa limejaa vumbi mpaka halijulikani rangi. Akaligongagonga kwenye kisigino cha kandambili, akalisuuza kwa petroli, akalianika juu ya birika la Zamoyoni.

— Toa petroli yako kwenye kahawa yangu, akasema Zamoyoni.

— Inakauka kwa mvuke. Huu ni utaalamu.

— Utaalamu uende ukakaukie kwako.

Likakauka, likarudishwa. Abel akavuta kamba mara mbili, chenso ikaamka vizuri kabisa, akaipeleka kwenye gogo. Tukaona moshi. Gogo likapata alama nyeusi, basi. Akarudi.

— Haili.

— Pumzi inaingia sasa, akasema Injinia, lakini haitoki. Tatizo limehamia kwenye ekzosi.

— Limehama lini? akauliza Dubai.

— Wewe nyamaza, hujui mashine. Ndani ya ekzosi kuna kawavu kadogo ka kuzuia cheche. Masizi yanakaziba. Ukikatoa, injini inapata nguvu ya bure. Na ukiongeza matundu mawili, inakuwa nyingine. Watu wote wa mashindano ya pikipiki wanafanya hivyo nyumbani kwao, kwa msumari tu.

— Na petroli? akauliza Abel. Nimesikia ukifungua ekzosi lazima ufungulie na skrubu ya kabureta, petroli iongezeke, isije ikaungua.

Injinia akamtazama kwa muda, kwa sababu hilo alikuwa halijui.

— Nilikuwa nakuja hapo hapo, akasema.

Akaleta msumari wa inchi sita na jiwe. Kawavu kakatoka, matundu mawili yakawa manne, kwa kuwa mkono ulishazoea. Skrubu ya kabureta ikafunguliwa robo, halafu robo nyingine ya bahati. Abel akavuta kamba. Mimi nimeishi machimboni miaka kumi na moja, nimesikia baruti na nimesikia karasha, lakini sauti ile ilinifanya nisimame bila kukusudia. Kuku wa jirani yetu Mama Rhoda walivuka barabara wote kwa pamoja. Abel akaiweka kwenye gogo kwa nguvu zake zote, na gogo likatoa moshi mweupe, na halikukatika.

Akaizima. Masikio yetu yakaendelea kulia.

— Umeona nguvu hiyo? akasema Injinia.

— Nimeisikia, akasema Abel. Haili.

— Mimi nilinyamaza kwa heshima, akasema Dubai, akavua miwani. Lakini ukweli usemwe. Hii chenso ni feki. Njooni hapa mtazame. Orijino zote zina nembo ya maana. Simba, au nyota, au jina limechongwa. Hii nembo yake ni nini?

Akatuonyesha ubavuni, karibu na pale bamba refu la chuma linapochomeka. Kweli palikuwa na kamchoro kamechongwa, kadogo, ka jino moja na mshale.

— Jino, nikasema.

— Jino, Katibu. Kiwanda gani duniani kinajitambulisha kwa jino? Hiki ni kiwanda cha mtu amekaa uani kwake.

— Hata mimi miaka yote nilidhani ni nembo ya maana, akasema Abel kwa huzuni.

— Sasa feki haina dawa ila kuizidi ujanja, akaendelea Dubai. Unachukua zebaki, tone moja, unaiweka kwenye oili.

— Zebaki?

— Zebaki inakamata dhahabu kwenye mchanga, siyo? Dhahabu nzito, kaidi, inakamatwa. Basi nguvu ya injini ni nyepesi zaidi. Itaikamata yote, haipotei hata kidogo.

Ubaya wa Dubai ni kwamba hoja zake ukizisikia mara ya kwanza zinakaa vizuri.

— Na ule moshi wake tutauvuta sisi, akasema Zamoyoni. Ukitia zebaki hapa, kahawa yangu kanywee Kariakoo.

— Basi wewe sema lako.

— Mimi nasema ni joto. Hizi mashine zimezaliwa kwenye baridi. Huko kwao mtu anakata mti amevaa makoti mawili. Ukiileta Nyarugusu inalegea kama mzungu. Iloweshwe kanga, ifungwe tumboni, ipumzike kivulini.

— Mpaka lini? akauliza Abel.

— Mpaka alasiri hivi.

— Alasiri watu watakuwa wako chini.

Nilimwona Abel anatazama upande wa duara, na hata kahawa aliyomiminiwa hajaigusa. Saa ilikuwa inaelekea saa tano. Nikataka kusema neno la kumtuliza, Injinia akaniwahi.

— Nimepata, akasema, na akasimama kabisa. Hiyo injini tuachane nayo. Tunachukua injini ya bodaboda.

— Ya nani?

— Ya yeyote. Injini ya bodaboda inabeba watu watatu na gunia la mkaa mpaka Bukoli. Tunafunga bamba na cheni pale kwenye ringi ya nyuma.

— Yaani unakata mti kwa pikipiki, nikasema.

— Unaupanda nayo taratibu, kwa gia namba moja.

— Breki zikikataa? akauliza Dubai.

— Unakuwa umekata miti miwili.

Tukawa tunabishana iwapo dereva wa chombo hicho angehitaji leseni ya pikipiki au kibali cha misitu, na mimi nilishafungua daftari kuandika hoja za pande zote, mama mmoja alipokuja taratibu akakaa kwenye gogo, upande wa mchwa. Mgeni. Alikuwa mtu mzima, amejitanda kitenge, mkononi kibuyu kimefungwa kwa kitambaa, na miguu ina vumbi la safari.

— Mwangaluka, akasema.

— Mwangaluka, mayu, akajibu Injinia, na huko kumwita mama kwa Kisukuma kukampunguzia cheo palepale, akawa kijana wa watu. Shikamoo.

— Marahaba. Mimi Nyamizi, natoka Kishapu. Namtafuta mwanangu Magesa. Kwenye simu aliniambia yuko kwenye duara la Mama Loveness.

Abel akainamisha kichwa. Zamoyoni akamimina kahawa, akampa kwa mikono miwili.

— Yuko hapo nyuma tu, mayu, akasema Abel. Hajashuka bado. Wanasubiri matimba, na matimba wananisubiri mimi, na mimi nasubiri hii.

— Inaumwa?

— Haili.

Mama Nyamizi akaweka kikombe chini. Neno hilo lilimwingia kwa njia nyingine kabisa, tukaliona likimwingia. Mtu wa ng'ombe huyu.

— Tangu lini?

— Tangu leo asubuhi. Jana ilikula vizuri.

— Tumbo mmelitazama?

— Tumbo tumelitazama, mayu, akasema Injinia, na sisi tukaanza kuumana midomo. Pumzi tumeitazama. Hata huku nyuma tumeitoboa.

— Maskini. Na mdomo je?

Dubai akashindwa, akacheka mpaka miwani ikamdondoka mkononi. Injinia akacheka, Zamoyoni akageukia birika lake. Nami nilicheka, sikatai. Mama Nyamizi akatungoja tumalize, hana hasira.

— Mimi mashine sizijui, akasema. Kwetu ng'ombe akikataa kula, kabla hujamwita mtu wa dawa, unamfungua mdomo unatazama meno. Mara nyingi kuna mwiba tu. Huyu meno yake ni yapi?

— Ni hizi ncha za kwenye cheni, akasema Abel, akamwonyesha. Lakini ni mpya, mayu. Jana tu.

Akaja akachuchumaa. Akapitisha kidole juu ya bamba, kutoka ncha ya mbele kurudi kwa mwenye mashine, halafu akakipitisha tena akienda mbele. Akamtazama Abel.

— Mti huwa unakaa wapi?

— Huku mbele.

— Na wewe?

— Huku nyuma.

— Mbona hapa juu meno yanakutazama wewe?

Hakuna aliyecheka safari hii. Abel akapiga magoti. Injinia akainama, akatazama cheni, akatazama kile kijimchoro cha ubavuni, jino moja na mshale, jino limeelekea mbele. Akatazama cheni tena. Meno yote ya juu yalikuwa yameelekea nyuma, yamejipanga vizuri, yanang'aa kwa upya.

— Siyo nembo, akasema polepole.

— Yaya, akasema Mama Nyamizi, kwa Kisukuma, siyo. Wamewachorea.

Abel hakungoja. Akafungua nati mbili, akaitoa cheni, akaigeuza, akairudisha, akaikaza. Haikufika dakika tano. Akavuta kamba, na ile sauti ya matundu manne ikatupasua masikio upya, akaishusha kwenye mkaratusi, ikazama. Ikazama tu, bila kusukumwa, vipande vya mti vikaruka vikubwa mpaka kwenye vikombe, na timba la kwanza likaanguka chini. Abel alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akasema ni moshi. Saa tano na robo.

Alipoizima kidogo asogeze gogo, Mama Nyamizi akauliza, kwa sauti ileile ya kawaida:

— Nani alimvisha hii cheni?

Injinia akaangalia msumari wake. Dubai akaanza kufuta miwani kwa pindo la shati. Abel, Mungu ambariki, akajifanya hajasikia. Zamoyoni akatikisa birika, akasema kahawa imekwisha, ingawa sote tulisikia bado inachezacheza humo ndani.

Mimi naandikia watu barua za kuomba radhi, na nzuri sana. Pale sikupata hata sentensi ya kwanza. Niliona aibu mpaka shingoni. Nikatia mikono mfukoni, nikakumbuka kwamba hilo nalo ni jibu, nikaitoa. Mwisho nikafunga daftari, nikalinyanyua lile timba la kwanza, nikaliweka begani, nikaelekea duarani kwa Magesa bila kugeuka.

Nyuma yangu nikamsikia mama anamwambia Zamoyoni:

— Ndiye huyo.