Wasifu wa Bwana Koti, Aliyepiga Picha za Ndege kwa Lenzi Fupi

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wa idara ya maji na wageni wote mliofika. Wasifu huu umeandikwa na dada yake marehemu, na ndiye anayeusoma. Kaka zake wamemwomba apunguze makali kwa heshima ya siku. Amepunguza. Haya ndiyo yaliyobaki.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mwashi na mkewe. Alikuwa mtoto wa kutulia. Siku moja, katika mchezo wa kujificha, alijificha vizuri mno hata mama akaanza kulia na mtaa mzima ukatoka kumtafuta. Alikutwa kachuchumaa nyuma ya rundo la matofali, akimtazama kunguru anayejenga kiota. Baba alipomuuliza kwa nini hakuitika alipoitwa, alijibu, "Ningeitika, angeruka." Alichapwa kwa jibu hilo, na hakuona alipokosea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha akasomea ufundi bomba kwa miaka miwili. Ripoti zake zote zilisema ana akili lakini anatazama sana dirishani. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyejisumbua kuuliza nje ya dirisha kulikuwa na nini.

Tarehe 1 Februari 1973 aliajiriwa na idara ya maji kuwa mhudumu wa mabwawa ya majitaka, na alibaki hapo miaka thelathini na minane, mpaka alipostaafu. Watu wengi wa mji huu wanayajua mabwawa hayo kwa pua tu. Wanapita na vioo vya gari vimefungwa. Marehemu aliyajua kwa macho. Alisema maji yakishapita bwawa la kwanza na la pili, yakifika la nne huwa yametulia, yana samaki wadogo, na ndege wanakuja kutoka kila upande. Kazini alivaa koti la mvua la njano, jua liwake au mvua inyeshe, na ndilo lililompa jina la Bwana Koti.

Mwaka 1979 alinunua kamera kuukuu kwa mpiga picha za pasipoti aliyekuwa akifunga studio yake. Ilikuwa na lenzi moja, fupi, ya kupigia nyuso za watu. Wenye ujuzi walimwambia kwamba ndege hapigwi picha kwa lenzi ile. Anahitaji lenzi ndefu kama mkono, la sivyo atapata doa tu kwenye anga. Marehemu hakubishana nao. Kama lenzi haiwezi kusogea, alisema, basi atasogea mwenyewe.

Na alisogea kwa utaratibu usiosemeka. Kila siku saa nne asubuhi, akishamaliza kuondoa takataka kwenye vichujio, aliweka kigoda chake ukingoni mwa bwawa la nne na kukaa. Kesho yake alikisogeza shubiri moja. Keshokutwa, shubiri nyingine. Hakuwatazama ndege machoni, na hakuwahi kuwatupia chakula, maana alisema ndege wa kuhongwa anakuja na uso wa kuhongwa. Baada ya wiki sita au saba, yangeyange walikuwa wakitembea mbele ya miguu yake kama kuku wa nyumbani. Ndipo alipoinua kamera.

Jumamosi ya tarehe 23 Agosti 1980 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa na meza yake karibu na ofisi ya posta. Walijaliwa binti wawili. Katika mwaka wa tatu wa ndoa, mkewe alichoshwa na lile koti lililochakaa, akamshonea jingine jipya la buluu, zuri, lenye mifuko minne. Marehemu alilivaa kwa furaha akaenda nalo kazini. Ndege wote wakaruka. Siku kumi alikaa peke yake kama mtu aliyetengwa na ukoo. Siku ya kumi na moja alirudi nyumbani akasema, "Mama watoto, umenifukuzia rafiki zangu." Mkewe alicheka mpaka akaketi chini, kisha akalitoa lile la njano kwenye matambara na kulitia viraka. Tangu hapo hakuna aliyeligusa bila ruhusa.

Sasa dada yake anafika mahali ambapo aliombwa apite haraka. Hatapita haraka.

Pale mabwawani palikuwa na mdiria mmoja, ndege mdogo wa buluu mwenye mdomo mwekundu, anayejitosa majini kuvua samaki. Huyo hakulizoea koti wala mwenye koti. Lakini kila asubuhi alitua kwenye nguzo ileile ya reli ya ukingo wa bwawa. Marehemu akaitega kamera juu ya sanduku, hatua mbili kutoka kwenye nguzo, akaifunga kijiti cha kubonyezea kitufe, na kwenye kijiti akafunga uzi. Mahali pekee pa kujificha palikuwa chumba cha pampu, na chumba hicho kipo ng'ambo ya nguzo. Kwa hiyo uzi ulitoka kwenye kamera, ukapita chini ya nguzo aliyotua ndege, ukaenda mpaka mlangoni alikokaa yeye. Akivuta, kamera inapiga mara moja tu. Kupiga tena lazima atoke akaikokote filamu kwa mkono, na akitoka ndege hayupo. Picha moja kwa siku. Alifanya hivyo miezi mitano ya mwaka 1998, na asubuhi moja akaipata: mdiria ana samaki mdomoni, tone la maji linaning'inia kwenye mkia.

Dada yake ndiye aliyempeleka kwa mguu mpaka studio, na ndiye aliyemshawishi aingize picha ile kwenye mashindano ya chama cha wapiga picha. Analisema hili ili lawama yake ijulikane. Studio waliikata picha pembeni ili ienee kwenye fremu. Hakuna aliyeona ubaya.

Majaji waliona uzi. Hawakuuliza unatoka wapi wala unakwenda wapi. Waliona ndege, wakaona uzi karibu na mguu wake, wakaangalia fomu iliyoandikwa lenzi fupi, wakakata shauri kwamba ndege kafungwa. Barua ya tarehe 9 Septemba 1998 ilimwita "mtesaji wa ndege", na nakala yake ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chama, pale dirishani, ambapo kila anayepita kwenda sokoni anasoma.

Mtu aliyekaa wiki saba asimshtue ndege! Mtu aliyemkemea binti yake kwa kupiga chafya! Huyo ndiye mtesaji.

Marehemu alikwenda ofisini kwao mara tatu, na negativu, ile filamu yenyewe isiyokatwa, ndani ya bahasha. Mara zote aliambiwa mwenyekiti yuko kwenye kikao. Mara ya tatu katibu alimwambia, "Mzee, kwa lenzi hii? Ndege karibu hivi? Hata mimi si mtoto bwana. Na uamuzi wa majaji ni wa mwisho." Akarudi nyumbani, akaiweka bahasha juu ya kabati. Aliandika barua nne. Hakudai zawadi wala kikombe. Aliomba wafute neno moja. Hakujibiwa hata moja. Aliendelea kukaa ukingoni kila siku, lakini kamera hakuigusa tena. Alipoulizwa, alisema mikono imechoka. Hiyo ndiyo mara pekee dada yake alimsikia akisema uongo.

Mwaka 2015 figo zilianza kumsumbua. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na wauguzi walimpenda kwa sababu alilala bila kujitikisa. Mkewe alimuuguza kwa miaka mitatu bila kuchoka, au kama alichoka, hakuonyesha. Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 3 Februari 2018, saa moja asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Madaktari wameandika figo, na familia haibishani na madaktari.

Juzi chama cha wapiga picha kilileta shada, na utepe umeandikwa "Kwa mpiga picha hodari wa ndege". Kilileta pia ombi la kupewa picha zake kwa ajili ya maonyesho. Hodari! Miaka kumi na tisa mtu anaitwa mtesaji akiwa mzima na masikio yake yanasikia, leo amelala kwenye sanduku ndiyo kawa hodari. Shada liko pale kando. Halijawekwa juu ya jeneza.

Marehemu ameacha mjane, binti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka wawili, mdogo wao wa mwisho wa kike, na dada huyu anayesoma.

Kila mwenye programu aufungue ukurasa wa mwisho. Binti yake mkubwa ameipeleka negativu kwa fundi, ikasafishwa nzima, haikukatwa popote. Fuateni uzi kwa kidole. Unapita chini ya nguzo, haumgusi ndege, unakwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa chumba cha pampu. Pale mlangoni kuna mkono umeushika. Ni mkono wa ndugu yetu.

Mwenyekiti wa chama yupo kati yetu, safu ya tatu, na programu anayo. Anaombwa atazame, kisha asimame aseme alichokiona, hapa, mbele ya mjane. Hatuna haraka, mtu tunayemzika ametufundisha kukaa. Akishasema, tutamshusha, apumzike na jina lake.