Kifuniko cha Jiwe

Basi lilikuwa limetoka Kebirigo, na Nyamweya alikuwa ameshamweleza mzee aliyeketi karibu naye, mtu asiyemjua wa Tabaka, kwa wachonga mawe, kwamba duka la wakala wa vipuri vya magari mjini Kisii hufungwa saa sita mchana kila Jumamosi kama leo. Alihitaji kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupoza injini. Kesho pikapu yake ingembeba binti yake Mong'ina kwenda kufunga ndoa.

"Cha wakala cha nini?" mzee akauliza. "Cha gari langu shemeji alinichongea kwa jiwe lile la vinyago. Huu mwaka wa tatu."

"Mzee wangu, gari si kinyago."

"Hata hicho cha wakala kuna mtu alikitengeneza. Unamjua? Mimi shemeji yangu namjua."

Nyamweya alilipima hilo kwa haki.

Mlimani basi likachemka, likasimama. Dereva akashuka, akarudi ameshika kiazi kinachofuka mvuke. "Kizibo chetu cha rejeta kimeiva," akasema. "Nani ana kingine?"

Mzee akatoa mfukoni kifuniko cha jiwe, cha akiba, akakigeuzageuza. "Mimi nimeambiwa gari si kinyago."

Saa ya Nyamweya ilionyesha tano na nusu.

"Mpe, mzee wangu," akanong'ona. "Mpe upesi."