Kinyozi Aliyeungama Mbele ya Kanisa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka kinyozi. Kinyozi, mzee wa kanisa na mtu wa watu, ambaye wateja wake walimbandika jina la Kaburi. Si kwa ubaya. Ukimwambia jambo ukiwa kwenye kiti chake, limezikwa. Kaburi ametutoka juma lililopita.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na wembe aliouamini yeye tu. Wanaume wazima walilia pale huku povu likiwa shingoni. Mmoja aliungama kwamba alimchongea kaka yake kwa baba yao. Mwingine alisema imani imemwishia na anakuja kanisani kwa mazoea tu. Kaburi hakuwahubiria. Aliwaambia wainame kidogo, akaendelea na kisogo.

Lakini wahenga walisema, kinyozi hajinyoi. Kaburi alikuwa na lake, na lake halikuwa na pa kwenda.

Lilikuwa hivi. Mkewe alipolazwa hospitalini, siku ya mwisho alimwita. Kando ya kitanda alikuwapo mdogo wake huyo mke, yaani shemeji yake Kaburi. Shemeji akapiga simu, akamwambia aje, anaitwa. Kaburi akajibu kwamba duka limejaa wateja, akipunguza atakuja. Duka halikuwa limejaa, wasikilizaji wapendwa. Halikuwa na mteja hata mmoja. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha wateja, anajitazama kiooni, kwa sababu aliogopa kumwona mkewe akikata roho. Mke alifariki akiuliza kama mumewe ameshafika.

Miaka ikapita. Kaburi alikula jikoni amesimama, maana mezani angetazamana na kiti kitupu. Binti yake wa pekee, anayeishi mji mwingine, anasema: "Baba alikuwa anaiacha redio inaongea hata akiwa anaoga. Alisema ni afadhali nyumba iwe na mtu." Mtu huyo, kumbe, tulikuwa sisi hapa redioni. Nasi hatukujua.

Kisha ikaja Jumapili ya ushuhuda. Kanisani kwao ushuhuda una njia yake. Unaeleza shimo uliloanguka, unaeleza Bwana alivyokutoa, watu wanaitika Amina, kwaya inapokea. Kaburi akasimama. Akasema: "Mke wangu aliniita, sikwenda. Nilidanganya kwamba nina wateja. Duka lilikuwa tupu."

Akaishia hapo. Sehemu ya pili hakuwa nayo. Alikuwa bado shimoni.

Watu walingoja kidogo, kisha wakammalizia wenyewe. Sauti moja ikasema Bwana ameshamsamehe, wengine wakaitika Amina, kwaya ikainuka na wimbo na makofi. Kaburi akabaki amesimama katikati ya makofi, anamtazama mtu mmoja tu. Shemeji yake. Shemeji alichukua mkoba wake akatoka nje.

Mchungaji wao hakutuficha. "Mtu alituonyesha kidonda, sisi tukakiimbia," alisema. "Baada ya ibada nilimshika mkono nikamsifu kwa ushuhuda mzuri. Sikumuuliza hata analalaje."

Huyo shemeji ana nywele fupi za mvi, na kwa miaka yote hakuna aliyezigusa isipokuwa Kaburi. Tangu Jumapili ile akahamia kwa kinyozi wa mtaa wa pili. Kaburi alikuwa akimwona anapita barabarani, kisogo hakijalingana, na roho ikimuuma. Kanisani walikaa pande mbili. Salamu zikawa za kichwa tu.

Halafu siku moja mwezi uliopita, shemeji akaingia dukani, akakaa kwenye kiti. Kaburi akamfunga kitambaa. Alimnyoa taratibu kuliko mtu yeyote. Walizungumzia mvua. Walizungumzia paa la shemeji linalovuja. Kaburi akamalizia shingo kwa wembe, akampangusa, shemeji akaaga.

Shemeji mwenyewe anasema: "Nilikuwa nimeshamsamehe. Ndiyo maana nilikwenda. Nilimpa shingo yangu, yeye ana wembe mkononi. Nilidhani ameelewa."

Jioni hiyo Kaburi alimpigia simu binti yake. Binti anayakumbuka maneno hayo neno kwa neno: "Mama yako mdogo alikuja leo. Nimemnyoa vizuri. Nilikuwa nangoja aseme. Hakusema." Binti akamshauri ampigie yeye. Baba akakataa. Alisema yeye lake ameshalisema mbele ya kanisa zima, lililobaki si lake.

Hawakuzungumza tena. Juma lililopita jirani alimkuta dukani asubuhi, amekaa kwenye kiti cha wateja, ametulia, redio inaongea.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole binti yake. Tunampa pole mchungaji na waumini wote. Na wewe shemeji mtu, unayetusikiliza sasa hivi, pole sana. Ulifika. Mungu aliona ulifika.

Nasi tuliobaki tujiulize. Ndugu yako akikufungulia moyo, mwache amalize, hata kama mwisho hana. Na kama kuna mtu umeshamsamehe moyoni, usimwachie akisie. Mwambie kwa mdomo. Mwambie akiwa bado anaweza kukuuliza, "Kweli?", nawe ukamjibu.