Bibi Aliyefutwa Daftarini

Katika basi la mji wa Akron, Marekani, Loretta alimsikia bibi mmoja mbele yake akimwambia kijana aliyeketi naye, "Wamenifuta kwenye daftari la wapiga kura! Ati miaka sita sijapiga kura wala kujibu kadi yao ya kuuliza kama bado naishi hapa. Ningeijibuje, nami niliitupa na matangazo ya piza?" Loretta alishtuka. Kadi yake kama hiyo aliitupa juzi.

Kijana akacheka. "Bibi, tulia. Mji huu mshindi anajulikana hata kabla hatujaamka."

"Kama kura yangu haina kazi, mbona wamehangaika kunifuta? Leo wataniandika, wapende wasipende!"

"Utachoka bure."

"Nichoke mie, mjukuu wangu. Wewe lala, wenzako wakuamulie."

Basi likasimama mbele ya ofisi ya uchaguzi, bibi akashuka. Loretta akamfuata, ingawa kituo chake kilikuwa mbali.