Emily Jumwa na Kitanda cha Pili

Mchungaji, wazee wa kuoa na wazee wa kuolewa, majirani wa Gede, jamaa mliotoka Matsangoni, wafanyakazi wenzake marehemu na nyote mlioacha shughuli zenu kwa ajili yetu, poleni na ahsanteni. Mimi ni Nzai Fondo, ndugu yake Emily toka nitoke, niliyemfuata kuzaliwa kwa miaka miwili, na familia imenipa karatasi hii niisome kama ilivyo bila kuongeza neno. Nitaongeza, nisameheni, kwa sababu huyu tunayemzika hakuwahi kuridhika na habari iliyokatwa katikati.

Emily Jumwa Fondo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 huko Matsangoni, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Fondo Nzai na Mama Kache, ambaye Mungu amemweka hai na yuko hapa mbele yenu. Tangu alipojua kusema alikuwa mtoto wa kuuliza, akitaka kujua kwa nini kuku hunywa maji akitazama juu, kwa nini babu amelazwa kaburini kwa ubavu wa kushoto na si wa kulia, na bibi yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu akikosa wa kumwuliza atauliza hata kinu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Matsangoni, akamaliza mwaka 1993, akaendelea na sekondari mjini Kilifi hadi mwaka 1997, na walimu wake wote walituletea ripoti yenye maneno yale yale, kwamba ana akili lakini anachelewesha darasa.

Tarehe 3 Machi 2003 aliajiriwa na kampuni ya maji kuwa msomaji wa mita, akapangiwa mtaa wa Muyeye, Malindi, na kama kuna kazi iliyoumbiwa mtu basi hiyo iliumbiwa yeye. Aliingia kila ua akiwa na fimbo yake ya kufukulia mchanga, maana mita nyingi zimezikwa na juu yake pamelala mjusi ama nge, akasoma namba, kisha akauliza mbona mwezi huu maji yamezidi, mna wageni, mna mtoto mchanga, ama bomba lavuja. Watu wa Muyeye hawakumkasirikia, wengi walimngoja wamweleze, na mara nyingi alikuwa wa kwanza kugundua bomba lililopasuka chini ya nyumba kabla ukuta haujaanza kuonyesha unyevu.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa kanisani Gede na Bwana Joram Kambi, fundi seremala, mtu mpole asiyesema mengi, na sisi ndugu tulishangaa kidogo, mpaka tulipoelewa kwamba muulizaji hahitaji muulizaji mwenzake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Trizah, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 2005, na Kambi, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2010 na kurithishwa jina la babu yake mzaa baba.

Mwezi wa Februari mwaka 2023, akioga, Emily aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, na tarehe 16 Machi madaktari walithibitisha kuwa ni saratani. Alipasuliwa mwezi uliofuata, kisha akaanza kwenda Mombasa kila baada ya wiki tatu kudungwa ile dawa ya kemotherapi ambayo wengi wetu twaiita kimo. Siku ya kwanza, sindano ikiwa tayari mkononi mwake, alimwuliza daktari dawa hii ikishaingia mshipani inaujuaje uvimbe uliko, na daktari akavuta kiti, akaketi, akamwambia ukweli kwamba haiujui, inapiga kila kitu kinachokua upesi, ndiyo maana na nywele huondoka. Emily alisema baadaye kwamba jibu lile lilimtia hofu na lilimtuliza kwa pamoja, kwa vile mtu aliyekubali kumwambia hivyo hangemficha mengine.

Nywele zilipoondoka alinyoa kichwa chote, na kwa kuwa kwetu mwanamke akinyoa huwa amefiwa, jirani mmoja alikuja na khanga begani kumpa pole, akauliza ni nani aliyetutoka. Emily akamwambia waliofariki ni nywele zenyewe, na matanga yatakuwa mafupi.

Nyumbani mambo yalibadilika namna ambayo hakuna aliyekuwa amefundishwa. Harufu ya vanishi ilimtapisha, basi Joram akaihamisha karakana yake kutoka ubavuni mwa nyumba hadi kando ya barabara kuu, akajifunza kupika uji, ambao siku za mwanzo ulikuwa na madonge ya kutafuna, na mkewe aliunywa akimwuliza kwa upole kama ule ni uji ama ni sima iliyokata tamaa. Trizah alikuwa bweni akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, Kambi yuko shule kutwa, na Joram lazima atafute riziki, kwa hiyo mwezi wa Juni mama yetu alifunga nguo zake Matsangoni akaja Gede kumuuguza mwanawe.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa vijana. Mama na mkwe wake wa kiume, ambaye sisi Wagiriama twamwita mutsedza, wana heshima yao, hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na mama hakanyagi chumba anacholala mkwe. Na mgonjwa alikuwa amelala chumba hicho hicho. Mama yetu alitoka Matsangoni kuja kumlea bintiye, akaishia kulala jiko la nje na kumpitishia uji kwenye nondo za dirisha.

Emily akaomba kitanda kihamishiwe ukumbini, Joram akakihamisha jioni ile ile, na sote tukadhani tumemaliza. Mama akaanza kuingia ukumbini Joram akiwa kazini, lakini aliketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, akisogea anaweka bakuli juu ya stuli na kurudi nyuma, hamwinui mgonjwa, hamlazi mapajani, hamgusi ila vidole. Ikawa hivyo mwezi Julai, Agosti na Septemba. Emily alinipigia simu akilia, akasema mama ananiogopa, anadhani ugonjwa huu waambukiza. Joram naye aliamini kwamba mama mkwe anamlaumu kwa kutouona uvimbe mapema, akawa anarudi nyumbani amejikunyata, na mimi, kwa busara yangu ndogo, nilidhani mama amechoka na uzee. Kila mmoja alikuwa na jibu lake na hakuna aliyekuwa ameuliza, hata Emily, aliyewauliza madaktari mpaka wakatafuta viti, swali hili alilikwepa kwa kuogopa kuambiwa ndiyo.

Mwezi wa Oktoba, baada ya dozi iliyomwangusha vibaya kuliko zote, aliona afadhali ajue, akauliza, mama, waniogopa? Mama alishangaa hata bakuli likamwagika. Akamwambia, mwanangu, nikuogope nami nimekuzaa, mimi nitakaliaje kitanda cha mutsedza wangu? Kumbe tulihamisha kitanda, hatukujua kwamba chumba kimetufuata. Emily alicheka siku hiyo mpaka mshono ukamuuma, kisha akalia, na alituambia kwamba kilio kile kilikuwa cha raha.

Joram alipoelezwa alikwenda zake karakana akaanza kukata mbao za mwarobaini, na alitengeneza kitanda kizuri, kipana, chenye kichwa kilichochongwa maua. Alipokimaliza alikileta uani, na kwa mazoea ya ufundi wake akajitupa juu yake ageuke huku na huku asikie kama kinalia. Mama alikuwa anamwangalia kutoka jikoni. Alijifunika khanga usoni akarudi kwenye moto wake, na Joram akabaki amelala pale akitazama juu, akijua kwamba kazi yote imekwenda na maji.

Kitanda hicho kilipata mteja Watamu. Cha pili Joram alikichonga bila hata kukiegemea, na siku ya kukijaribu alikuja Bwana Njenga, mfanyakazi mwenzake Emily aliyefika kumtazama mgonjwa, ambaye mnamwona pale nyuma na hana haja ya kusimama, umbo lake lajieleza. Aliombwa akilalie, akagaagaa juu yake kwa bidii ya mtu aliyetumwa na serikali, kitanda hakikulia, na mama akatoka jikoni akasema, huyu Mkikuyu si mkwe wangu, kiingizeni ndani.

Usiku ule mama alilala na mwanawe. Joram alihamia karakana, akalala kwenye vumbi la msumeno kwa miezi sita bila kunung'unika, na asubuhi alipita kuuliza kwa dirisha jinsi walivyoamka, akajibiwa na mkewe, huku mama akiuangalia ukuta. Emily alinieleza kwamba katika maisha yake hakuwahi kupata muda wa kumwuliza mama mambo aliyomwuliza kwenye kitanda kile, jinsi baba alivyomposa, ni mtoto yupi aliyemtesa zaidi wakati wa kuzaliwa, na kama aliwahi kutaka kutoroka. Majibu sitayasoma, mwenyewe yuko hapa.

Matibabu yalikwisha mwezi wa Aprili 2024, mama akarudi Matsangoni, Joram akarudi nyumbani kwake, na tarehe 5 Agosti Emily alirudi Muyeye na fimbo yake. Tulimshukuru Mungu. Lakini mwezi wa Machi mwaka huu wa 2025 alianza kukohoa, na ilionekana kwamba saratani imefika mapafuni. Alimwuliza daktari kama kuna dawa itakayoiondoa, daktari hakumficha, na Emily akauliza tena, basi niulize nini sasa. Aliomba arudishwe nyumbani, na mama akaja tena Gede kulala naye kwenye kitanda cha pili.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, pumzi zake zilipoanza kuwa chache, mama alikuwa juu ya kitanda amempakata, na Joram amesimama uani, mahali pake, kama mila ilivyotaka. Mama akamwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi, akasema, Joram, mwanangu, njoo uketi na mkeo. Joram alifika mlangoni akasita. Mama akasogea, akampigia godoro kwa kiganja, hapa, na Joram akaketi. Emily alifungua macho akawaona wawili hao kwenye kitanda kimoja, akawatazama kwa zamu, akauliza kwa sauti ndogo, nani amewaruhusu? Mama akamjibu, hakuna, mwanangu, tumeketi tu. Alifariki kabla ya saa nne, mkono mmoja kwa mama na mmoja kwa mumewe.

Familia yawashukuru madaktari na wauguzi wa Malindi na Mombasa, waliomjibu kila alipouliza, majirani wa Gede waliochota maji na kupika, wafanyakazi wenzake wa kampuni ya maji, wakaazi wa Muyeye waliokuja kwa wingi, na kanisa lililoomba nasi tangu mwanzo.

Kuna jambo moja mama ameniagiza nilitangaze. Amesikia wazee wakinong'ona tangu matanga yaanze, kwamba heshima imevunjwa na lazima mbuzi achinjwe kuitengeneza. Amesema mbuzi huyo yuko, atamtoa mwenyewe, wala asiulizwe Joram, na tena amesema kwamba lau siku ile ingerudi angemwita mapema zaidi.

Emily, dada yangu, pumzika kwa amani. Maswali yaliyobaki tuachie sisi.