Leo René Bolamba Anapanda wa Mwisho

Mapadri wetu, ndugu na jamaa, majirani wa Lubunga, wakubwa wa ligi ya ngumi, mabondia wa kila uzito, familia inawasalimu, na imenipa mimi Chimène, mtoto wa kwanza wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya papa, baba yangu, tena imetaka yasomwe mwisho kabisa, baada ya hotuba zote, kwa sababu mtakayoielewa kabla hatujamfikisha kaburini.

Marehemu René Bolamba alizaliwa Yanonge, Jumapili tarehe 14 Machi 1976, mtoto wa nne wa papa Carlos Bolamba, mvuvi, na mama Sara, aliyeuza samaki wa kukaushwa hadi Isangi. Alizaliwa mdogo sana, wakunga wakatazamana, lakini alilia kwa sauti iliyowatoa majirani nje, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwonea huruma akabaki na huruma yake.

Alisoma shule ya msingi Yanonge kuanzia 1982 hadi 1988, akaja Kisangani kwa shangazi yake aendelee na sekondari, akaishia mwaka wa nne, 1992, shangazi alipofariki na karo ikakosa mlipaji. Hakukaa barazani kulia, alivuka mto siku hiyohiyo kuja hapa Lubunga kwa papa Bilali Lukumani, fundi cherehani, ambaye yuko hapa mbele yetu na fimbo yake, akamwomba amfundishe kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha mpaka mwisho.

Kujifunza ngumi alianza 1994, katika uwanja wa Mangobo, akawekwa kwenye uzito mdogo kuliko wote, ule unaoitwa poids mouche, yaani uzito wa nzi, na hakuwahi kuzidi kilo hamsini na moja katika miaka yake yote ya kupigana, kuanzia 1996 hadi 2010. Alipigana Isiro, Buta, Bunia na Goma, nyumbani kwa wapinzani wake, mbele ya watu waliomzomea kabla hajavua shati, na mara zote mbili aliposhindwa alirudi kwa mtu yuleyule mwaka uliofuata akamshinda. Familia inataja hayo kwa kuwa wako mabondia waliowekwa juu yake katika orodha ya ligi ambao hawakuwahi kuvuka mto hata kuja hapa Lubunga.

Kila mpenzi wa ngumi anajua desturi ya gala zetu, yaani maonyesho yetu ya ngumi, kwamba wadogo wanapanda ulingoni kwanza, wakati watu bado wananunua karanga mlangoni na benchi ziko tupu, kisha wanafuata wakubwa, na wazito wanapanda mwisho, ukumbi ukiwa umejaa pomoni. Basi papa alipigana miaka mingi mbele ya wafagiaji na wauza maji, halafu watu walewale waliochelewa kuja ndio walioketi kuamua nani ni bora kuliko nani.

Mtu mmoja aliliona hilo, naye ni tonton Constant, rafiki wa papa tunayemwita ami, bingwa wa uzito wa juu, yaani poids lourd, ambaye papa ndiye aliyemshonea bukta zote. Papa alikuwa akimtania kwamba kitambaa cha bukta moja ya Constant kingetosha bukta zake tatu, ila fundi aliyefundishwa vizuri hapimi bondia kwa mita za kitambaa. Jumamosi tarehe 12 Agosti 2006, tonton Constant aliiambia komite ya ligi kwamba yeye atapanda wa kwanza na René apande wa mwisho, la sivyo anarudi nyumbani kula lituma, ndizi zake za kupondwa, na kwa kuwa watu walikuwa wameshalipa kumwona, komite ikakubali. Papa alipigana raundi kumi na bingwa wa Bunia, ukumbi mzima umesimama, na waliokuja kwa ajili ya wazito walisahau kuondoka. Wiki iliyofuata komite ilirudisha mpango wa zamani, ikasema ile ilikuwa bahati tu.

Alifunga ndoa na mama Augustine tarehe 18 Agosti 2001, katika parokia yetu ya hapa Lubunga, mwaka mmoja baada ya vita kufunga kila kitu mjini, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi, Jephté na Fanny, ambao tulijifunza kuhesabu kwa kuhesabu vifungo. Alikuwa baba mkali kwa uongo na mpole kwa sahani zilizovunjika.

Mwaka 2019 komite iliandika kwenye ukuta wa ukumbi majina ya mabondia kumi bora wa mji wetu, ikaanza na mzito kuliko wote, ikashuka kwa kilo mpaka ikamfikia René Bolamba, wa kumi. Papa alivaa koti lake la Jumapili akaenda kuuliza, na rais wa ligi akamjibu mbele ya watu: « René, ukipanda na Constant, utamaliza hata dakika moja? » Naye akasema: « Hapana, président, sitamaliza. Alors, Constant akigongana na camion ya mizigo, tutaandika camion namba moja? » Watu walicheka, rais hakucheka, na ukuta haukuguswa. Papa aliendelea kusema, kwa yeyote aliyekuja kupima suruali, kwamba mtu apimwe kwa wale aliokutana nao, kwa wale aliowakwepa, na kwa alichofanya na kilo Mungu alizompa.

Ugonjwa wa figo ulianza Februari 2023, na mwili wake ukavimba mpaka mashati aliyojishonea mwenyewe yakakataa kufunga. Siku za kwenda hospitali tonton Constant alimbeba mgongoni hadi kwenye pirogi, mtumbwi wa kuvukia mto, na kwa kazi hiyo, familia inakiri, uzito wa juu unafaa kweli. Mwezi wa Oktoba 2024 alipandishwa kwenye mizani, ikasoma kilo themanini na tatu, akamwambia muuguzi: « Sandrine, pigia président simu, muambie René iko poids lourd sasa, anipandishe. » Alicheka mwenyewe, na mama Augustine akageukia ukutani akalia.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minane, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake.

Jana komite ilileta shada lenye utepe ulioandikwa « Bora katika uzito mdogo », tonton Constant akaomba mkasi wa marehemu, akaukata utepe huo mbele yao, nasi tukapokea maua kwa shukrani. Komite ilileta pia programu ya mazishi, kwamba historia hii isomwe kwanza, watu wakiwa bado njiani, na rais wa ligi afunge kwa hotuba yake. Mama Augustine aliipindua.

Familia inawashukuru madaktari na muuguzi Sandrine waliopigana bila kuchoka, majirani waliolala nasi matangani, wapiga kasia waliokataa nauli, papa Bilali na mafundi wote, tonton Constant, na komite ya ligi, ambayo imeshapanda, imeshasema, na sasa imekaa inasikiliza.

Papa, geuka utazame, uwanja umejaa mpaka barabarani na hakuna anayenunua karanga. Leo wewe ndiye wa mwisho kupanda, baada yako hapandi mtu, na ukuta ule wa majina, papa, tutautembelea sisi. Pumzika kwa amani.